Shajara ya kuuza nyumba: tangu "tuuze au tungoje" hadi mkataba

Naandika kila hatua inapokamilika, na yaliyokwama nitayapa nafasi kubwa kuliko yaliyokwenda sawa. Nyumba ni ya kawaida: vyumba vitatu vya kulala, kuta za matofali ya saruji zilizopigwa lipu, haina ghorofa, na nyuma kuna chumba cha kufulia kilichoongezwa baadaye. Gharama sitazitaja kwa fedha, maana bei ya fundi na ya mfuko wa saruji hutofautiana kila mahali. Nitazitaja kama sehemu ya bajeti ya matengenezo, ambayo tuliifungia kwenye asilimia 2 ya bei tuliyotarajia kuuzia.

Agosti 10: Tuuze au tungoje

Kazi imehama, watoto wamekua na kuondoka, vyumba viwili vinakaa bure. Kuuza tumekubaliana, linalobishaniwa ni lini. Kila anayepita ana jibu lake: ngoja bei zipande, au uza haraka kabla hazijashuka. Tumeziweka tetesi kando na kushika kalamu.

Hesabu ya kwanza ni ya fedha zitakazoingia mkononi: bei ya kuuza, toa deni la mkopo, toa faini ya kulipa mkopo kabla ya muda, kamisheni ya dalali, wakili, kodi, matengenezo na gharama za kuhama. Hesabu ya pili ni ya kungoja. Kila mwezi tunaokaa tunalipa riba, bima, kodi ya jengo na vijitengenezo visivyoisha, huku fedha zetu zikiwa zimefungwa humo humo. Kungoja mwaka mzima kungetulipa iwapo tu bei ingepanda kuzidi jumla ya hayo yote, na hakuna anayeweza kutuhakikishia hilo.

Kilichotupa tarehe ni mkataba wa mkopo wenyewe. Kipengele cha kurasa za nyuma kinasema faini ya kulipa mapema inakoma mwezi Aprili, na faini hiyo peke yake inazidi bajeti yetu yote ya matengenezo. Basi hakuna kuuza kabla ya Aprili. Anayefikiria kuuza aanzie hapo, kwenye mkataba wa mkopo, kabla hajasikiliza habari za soko.

Kilichotusumbua kuliko vyote ni bei tuliyonunulia. Tulinunua soko likiwa juu, na moyo unataka irudi. David Genesove na Christopher Mayer walichapisha mwaka 2001 uchunguzi wao wa nyumba za Boston za miaka ya 1990. Waliokabiliwa na hasara walitaja bei za juu zaidi, kwa kiasi cha asilimia 25 hadi 35 ya tofauti kati ya bei waliyonunulia na bei ambayo soko lilitarajiwa kutoa, na nyumba zao zilikawia kuuzika. Tumekubaliana kwamba bei ya kununulia haitaandikwa kwenye karatasi yoyote ya mradi huu. Mnunuzi haimhusu.

Agosti 31: Makaratasi

Tumetoa faili zima mezani: hati, ramani ya kiwanja, risiti za kodi, vibali vya ujenzi, taarifa ya mkopo. Mawili hayakukaa sawa. Jina la mwenzangu kwenye hati lina herufi moja tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho. Jambo dogo, ila wakili anasema ni la aina inayosimamisha malipo siku ya mwisho. La pili ni kubwa: chumba cha kufulia hakipo kwenye ramani iliyoidhinishwa.

Kulikuwa na wazo la kunyamaza, kwamba mnunuzi akiuliza ndipo tueleze. Tumelikataa kwa sababu ya hesabu tu. Mnunuzi anayegundua mwenyewe kwamba sehemu ya nyumba haina kibali hakati gharama ya kibali. Anakata gharama ya kubomolewa, kisha anaanza kujiuliza ni nini kingine kimefichwa. Maombi ya kurekebisha ramani yamepelekwa pamoja na marekebisho ya jina. Gharama hadi sasa ni asilimia 12 ya bajeti, na hakuna kilichoguswa ndani ya nyumba.

Septemba 14: Ukaguzi wetu wenyewe

Tumeanzia barabarani, tukaingia kama wageni, mmoja akiandika na mwingine akifungua kila kinachofunguka. Milango inayokwaruza sakafu, vitasa vilivyolegea, soketi iliyopasuka, kigae kinacholia chini ya mguu. Vyote vimeorodheshwa na vyote ni kazi ya bisibisi.

Vipimo viwili ni vya bure. Cha kwanza: funga koki zote, soma mita ya maji, usitumie maji kwa saa kadhaa, soma tena. Yetu ilikuwa imesogea. Cha pili: tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo na usivute maji, rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani ya tangi unavuja. Ndio uliokuwa mwizi wetu. Mpira mpya umewekwa na mita imetulia. Tumebonyeza pia kitufe cha majaribio kwenye kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampia 30, na kimekata papo hapo.

Harufu huwezi kujikagulia, pua hukizoea unachoishi nacho. Tumemwita shangazi yangu, ambaye hajui kumstahi mtu. Amesimama kwenye korido na kusema, "Mwanangu, chumba cha nyuma kinanuka udongo."

Septemba 28: Ukuta wa chumba cha nyuma, jaribio la kwanza

Nyuma ya kabati kuna doa la kahawia, limepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, na juu yake kuna unga mweupe kama wa chaki. Duka limetuuzia rangi inayotangazwa kuwa inazuia unyevu. Fundi amekwangua, amepiga msasa na kupaka mikono miwili. Ukuta ukang'aa.

Haukufika mwisho wa mwezi. Malengelenge yalianza chini, yakabanduka kwa ukucha, na ndani yake mna maji na unga ule ule. Ubaya zaidi, doa limepanda. Rangi imeuziba uso wa ukuta, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakitokea chini yametafuta njia juu zaidi. Asilimia 6 ya bajeti imekwenda na hali ni mbaya kuliko tulivyoianza.

Tumemwita mwashi mzee. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka juu kuja chini, mlio ukabadilika usawa wa kiuno, akatabasamu. "Mkubwa, ukuta huu hauumwi rangi. Unaumwa maji."

Oktoba 19: Jaribio la pili, kutafuta maji yanakotoka

Kabla ya kuvunja chochote alitufundisha kipimo cha karatasi ya alumini ya jikoni. Unabandika kipande ukutani, unaziba kingo zote kwa gundi ya utepe, unaacha siku moja au mbili. Matone yakitokea juu ya karatasi, upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa, na dawa yake ni kupitisha hewa. Matone yakiwa chini ya karatasi, maji yanatoka ukutani. Tulibandika vipande viwili, kimoja juu na kingine karibu na sakafu. Cha juu kikavu pande zote. Cha chini kililoa kwa ndani.

Sababu ilikuwa nje, mbele ya macho ya kila mtu. Juu ya msingi hutandazwa tabaka la kuzuia maji yasipande ukutani, kwa kawaida karatasi nzito ya nailoni, na ardhi ya nje inatakiwa iwe chini yake kwa angalau milimita 150. Kwetu bustani ya maua imejazwa udongo mwaka hadi mwaka mpaka tabaka hilo likafukiwa. Bomba la kushusha maji ya paa nalo lilikuwa limeachia kwenye kiungo, likimwaga hapo hapo. Maji yakapita juu ya kizuizi na kuingia kwenye lipu.

Dawa ilikuwa sururu. Udongo umechimbwa ukutani mwote hadi chini ya kizuizi, changarawe imewekwa, bomba limeungwa na maji yameelekezwa mbali. Ndani, lipu imebanduliwa hadi milimita 300 juu ya doa la mwisho. Unga mweupe ni chumvi iliyoletwa na maji, na huwa inavuta unyevu kutoka hewani hata maji yakikatika. Unaondolewa kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji unauyeyusha na kuurudisha ndani.

Kisha kungoja. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukuta hukauka kama milimita 25 za unene kwa mwezi. Wetu una 150, ingawa sasa uko wazi pande zote mbili. Nilitaka kuharakisha kwa kuwasha hita chumbani. Mwashi akakataa: joto linakausha uso, tumbo la ukuta linabaki limelowa. Dirisha wazi na feni inatosha. Tumeazima kipima unyevu na tutapima alama zile zile, kila wiki, tukiandika ukutani kwa penseli.

Ukuta na mfereji vimekula asilimia 30. Sasa tarehe ya kuuza inashikiliwa na vitu viwili, mkopo na ukuta, na bahati nzuri vinakwenda pamoja.

Februari 22: Lipu

Vipimo vya kipima unyevu vilishuka, vikasita, vikashuka tena, na mwishowe vikasimama sawa na vya ukuta mkavu wa chumba cha jirani. Huo ndio mwisho tuliokuwa tukiungojea. Tarakimu yenyewe haina maana kubwa kwenye vifaa vya bei nafuu. Linganisha na ukuta wa nyumba hiyo hiyo unaojua ni mkavu.

Lipu mpya imepigwa kwa saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Chokaa inauachia ukuta upumue. Picha za kila hatua zimehifadhiwa pamoja na za zile alama za penseli za ukutani, na mwashi ametuandikia risiti yenye maelezo ya kazi aliyofanya, si neno "matengenezo" tupu.

Ramani iliyorekebishwa imetoka wiki hii. Jina nalo limekaa sawa.

Machi 29: Rangi na taa

Lipu imeachwa zaidi ya wiki nne kabla ya kupakwa. Mkono wa kwanza ulikuwa rangi ya maji iliyozimuliwa, maji sehemu 1 kwa rangi sehemu 4, ili lipu iinywe. Rangi nzito kwenye lipu mpya hukaa juu na kubanduka.

Tulidhani kuupaka ukuta mmoja kungetosha, kwa kuwa kopo lililobaki lilikuwa la rangi ile ile. Asubuhi, mwanga ukiingia kwa pembeni, ukuta mpya ulijitenga na mingine kama kiraka, na kiraka ndicho kitu cha mwisho unachotaka mnunuzi akione. Chumba kizima kimepakwa upya, kisha korido, kisha sebule. Rangi ni nyeupe iliyofifia, kila mahali. Asilimia 22 ya bajeti.

Seremala alitaka kubadilisha makabati ya jikoni. Hatukukubali. Mnunuzi ana ladha yake, na jiko jipya tutakalomchagulia analipia nusu huku akipanga kulivunja. Bawaba zimekazwa, vishikio vimebadilishwa, basi.

Taa zimetushangaza. Sebuleni kulikuwa na balbu za njano za kelvini 2700 zikichanganyika na nyeupe za 6500, na ukuta ule ule ulionekana krimu upande mmoja na kijani upande wa pili. Balbu zote sasa ni za namna moja. Hakuna kazi nyingine katika mradi huu iliyobadilisha nyumba kwa fedha kidogo kiasi hicho.

Aprili 26: Bei, dalali, picha

Faini ya mkopo imekoma. Vitu vya ziada vimepelekwa ghalani kwa ndugu. Makabati tumeyaacha nusu tupu kwa makusudi, maana watu huyafungua.

Tumemlipa mthamini binafsi, asilimia 11 ya bajeti, ingawa madalali walijitolea kututhaminia bure. Bei za kwenye matangazo ni matumaini ya wauzaji. Yeye alitupa bei zilizolipwa kweli kwa nyumba zinazofanana, akisahihisha tofauti za ukubwa na hali. Jambo moja alilotushauri ni la kuigwa. Wanunuzi hutafuta mtandaoni kwa viwango vya bei, kutoka hapa hadi pale. Bei yetu ilikuwa juu kidogo ya mpaka wa kiwango. Tumeishusha ikaangukia mpakani hasa, na sasa nyumba inaonekana kwa wanaotafuta kiwango cha chini na cha juu pia.

Kuhusu dalali, nilikuwa na tahadhari. Steven Levitt na Chad Syverson walichunguza karibu nyumba 100,000 zilizouzwa katika eneo la Chicago, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008. Madalali walipouza nyumba zao wenyewe waliziacha sokoni siku 9.5 zaidi na kupata asilimia 3.7 zaidi. Inaeleweka: nyongeza hiyo kwa mteja ni fedha nyingi, lakini kinachomfikia dalali kama kamisheni ni makombo, hivyo kwake bora iuzwe leo. Tumemchukua mmoja, kwa mkataba wenye kikomo, kamisheni ikilipwa mauzo yakikamilika tu, na bei haishushwi bila saini yetu. Picha alizileta mpiga picha wake.

Mei 24: Watu wanakuja, ofa haziji

Simu zimekuwa nyingi na watu wanaingia kila mwisho wa wiki. Wanazunguka, wanashukuru, wanaondoka. Dalali anasema bei ishuke asilimia 5.

Kabla ya kushusha tulitazama mahali watu wanapokatikia. Nyumba isiyopigiwa simu ina kasoro ya bei au ya tangazo. Nyumba inayotembelewa na kuachwa ina pengo kati ya walichotegemea na walichokikuta. Sisi ni wa kundi la pili. Jibu lilitolewa na mama mmoja aliyesimama katikati ya sebule, akanyoosha mikono yote miwili kana kwamba anapima kitambaa, kisha akamgeukia mumewe: "Baba, si ndiyo hii tuliyoiona kwenye picha? Mbona ile ilikuwa ukumbi?"

Lenzi. Mpiga picha alitumia lenzi pana mno, inayovuta kuta kuzitenga na kukifanya kitanda kionekane boti. Picha nzuri, zilizowaleta watu kuja kusikitika. Tumepiga upya kwa lenzi ya kawaida, kamera ikiwa urefu wa mita 1.2 hivi, nguzo za milango zikiwa wima, asubuhi, taa zote zimewashwa na mfuniko wa choo umefungwa. Tumeongeza mchoro wa nyumba wenye vipimo vya kila chumba. Simu zimepungua karibu nusu. Dalali hafurahi.

La pili: wengi walisimama kwenye chumba cha nyuma, wakanusa rangi mpya, wakatazamana. Rangi mbichi kwenye chumba kimoja cha pembeni inazua maswali. Mchumi George Akerlof alieleza mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asiyeweza kuona ndani ya kitu hukitolea bei ya chini, akihofia huenda ni kibovu. Faili la ukuta sasa liko mezani chumbani humo: picha za doa, lipu iliyobanduliwa, alama za penseli, risiti. Kwa maneno mengine, tunatangaza kasoro tuliyolipa ili isiwepo. Dalali aliniuliza kama nina akili timamu. Bei imebaki palepale.

Juni 14: Ofa mbili

Wageni wachache, ila wanaokuja wanakaa muda na kusoma faili. Ofa mbili zimefika. Ya juu inategemea mnunuzi auze nyumba yake kwanza na mkopo wake ukubaliwe. Ya chini kwa asilimia 3 ina fedha tayari, na wametaka mkaguzi wao aingie.

Tumerudi kwenye hesabu ya Agosti, ile ya gharama ya kungoja. Tofauti ya asilimia 3 ingeliwa na miezi michache ya riba, bima na kodi, na nyumba ya yule wa kwanza haijapata hata mteja. Tumechukua ya chini.

Julai 5: Mkaguzi na mkataba

Mkaguzi alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma na kipima unyevu chake. Aligusa chini, aligusa juu, akaenda chumba cha jirani kulinganisha, akaandika kitu na kuendelea. Alichokamata ni kingine kabisa: vali ya usalama ya hita ya maji haina bomba la kutolea, kwa hiyo ikifunguka itamwaga maji ya moto hewani, usawa wa mtu. Hatukuwa na habari.

Mnunuzi aliomba punguzo ambalo lingetosha kununua hita nyingine mpya na chenji ibaki. Tulijibu kwamba fundi mwenye leseni atalifunga bomba, risiti na picha watapewa, na mkaguzi wao arudi kutazama. Fundi alimaliza kabla ya saa sita mchana kwa asilimia 2 ya bajeti. Mkaguzi alirudi, mkataba umesainiwa.

Bajeti: makaratasi 12, rangi iliyobanduka 6, ukuta na mfereji 30, lipu 9, rangi 22, mthamini 11, balbu na vitasa na mpira wa choo 5, picha za pili na mchoro 7, bomba la hita 2. Jumla ni 104 kati ya 100 zilizopangwa. Asilimia 6 za rangi ya dukani ndizo ningeziokoa kwa kipande cha karatasi ya alumini.

Kilichobaki ni benki kutoa barua ya kuondoa dhamana, ambayo wakili anaifuatilia, na kusoma mita za maji na umeme pamoja na mnunuzi siku ya kukabidhiana, tarakimu zipigwe picha na pande zote mbili zisaini. Bili ya wakili haijafika; ikifika nitaiongeza hapa.